Wenyeji wa kijijini wamenilaza bure na hela wamekataa, narudishaje fadhila?

Mzururaji_Tu

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri hasa kwa nyie mliozunguka vijijini huko nje, mjini siulizi maana mjini kila kitu kina risiti.

Iko hivi, niko Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi siyo jimbo la Marekani. Nilikuwa natembea kwa miguu njia ya Svaneti ya kutoka Mestia kwenda Ushguli, wengi wanaimaliza kwa siku nne, mchana unatembea, jioni unaingia kijiji kinachofuata unalala gesti ya familia, kitanda na chakula unalipia, kila mtu anajua kinachoendelea hakuna maneno. Sasa kabla sijafika kijiji nilichopanga kulala mvua ikanikuta, tena siyo mvua ya kujibanza chini ya mti ukasubiri ipite, hii ilikuja na ukungu mpaka zile alama za rangi kwenye mawe huzioni, nimelowa mpaka pasipoti. Nikaona bora nishuke kwenye nyumba yoyote yenye moshi.

Nyumba yenyewe haikuwa gesti, hakuna kibao hakuna nini. Akafungua bibi mmoja, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, hakuniuliza mimi nani wala natoka wapi, akanishika mkono akanivuta ndani. Basi ndani ya muda mfupi soksi zangu zinaning'inia juu ya jiko la kuni, mimi nimevaa sweta la mwanawe linanifika magotini, mkamwana anakanda unga, watoto wamekaa mstari wananiangalia kama televisheni. Wakaleta kubdari, ule mkate wao uliojazwa nyama, jibini, viazi, nyanya, halafu ikaja chacha ambayo ni pombe kali ya zabibu na mimi pombe situmii kabisa, hilo nalo lina kesi yake. Mwana wa bibi kila akijaza glasi anasimama anahutubia, kwa amani, kwa wazazi, kwa waliotangulia, kwa watoto, kwa mgeni, tunaelewana kwa programu ya kutafsiri kwenye simu na kwa mikono.

Asubuhi nikatoa hela. Bibi akanifunga ngumi yangu na viganja vyake viwili akanirudishia kifuani. Nikajaribu kwa mwanawe, yule alibadilika sura kabisa nikaogopa. Na bado wakanifungia mkate wa njiani, na jirani mwenye gari akaitwa anisogeze mpaka njia inapoendelea, naye hakuchukua kitu.

Sasa nipo Tbilisi, ndege yangu bado kidogo, nina namba ya simu ya yule mkamwana na tunaandikiana. Roho inanisuta jamani. Hawa siyo matajiri, wana ng'ombe, wana viazi, na majira ya baridi theluji inawafungia huko juu. Je nimtumie mkamwana hela kimyakimya? Nirudi? Au niachane nayo tu? Na kwa wale msiokunywa, mnakataaje meza kama ile bila kumvunjia mtu heshima?

NyayoNyingi

Hela usitume. Kimyakimya ndiyo mbaya zaidi maana unamweka mkamwana kwenye kona, akipokea amemficha mama mkwe, akimwambia mama mkwe basi amepokea kitu ambacho bibi alishakirudisha kwa mikono yake mwenyewe mbele yako. Unaleta maneno kwenye nyumba ya watu.

Nimekaa sana Georgia, pale mgeni anahesabika ametumwa na Mungu, ni imani kweli siyo maneno ya kwenye mabango ya utalii. Ukimlipa mtu aliyekupokea kwa misingi hiyo umemshusha kutoka mwenyeji kuwa muuza chumba. Lakini familia hiyohiyo kesho ikiweka kibao cha gesti, hela itapokelewa bila aibu yoyote na wewe utalipa bila aibu yoyote, na hapo usianze kuomba upunguziwe bei, watu wanaishi kwa msimu mfupi sana kule. Ni milango miwili tofauti, unatakiwa ujue umeingilia upi.

Cha kufanya ni hiki. Una picha? Lazima una picha. Tafuta duka la kusafishia picha hapo Tbilisi, safisha picha nzuri kubwa siyo za kwenye simu, za bibi, za watoto, ya meza nzima. Watu wa vijijini wanapigwa picha na watalii kila kiangazi na hawazioni tena maisha yao yote. Weka kwenye bahasha, ongeza kitu cha watoto, halafu nenda stendi ya yale mabasi madogo wanayoita marshrutka, yapo yanayokwenda Mestia moja kwa moja na mengine yanapitia Zugdidi, dereva anabeba mizigo ya watu kila siku, huyo unamlipa nauli ya mzigo, mkamwana unampa namba ya dereva wanakutana njiani. Ndivyo watu wa kule wanavyotumiana vitu wenyewe.

Mchokozi

Naomba nimwage maji kidogo maana naona tumeanza kuwavika wanakijiji mabawa.

Mzururaji umepata watu wazuri, hongera, ila hiyo hiyo Svaneti miaka ya 1990 ilikuwa na majambazi wanapora na kuteka watu, mpaka serikali ikapeleka operesheni ya polisi mwaka 2004 ndipo njia zikatulia. Na ile minara ya mawe ambayo kila mtu anaipiga picha, ambayo ndiyo imefanya eneo liingie urithi wa dunia wa UNESCO 1996, haikujengwa kwa mapambo. Familia zilikuwa zinajifungia humo, adui wa nje akija au jirani akija kulipiza kisasi cha damu. Kwa hiyo jirani aliyekubeba kwa gari bure, babu wa babu yake pengine alikuwa anamvizia babu wa babu wa bibi yako kwa bunduki.

Siyo kwamba nabeza. Nimeona kitu hicho hicho kaskazini mwa Albania, kijiji cha Theth, kuna mnara wanauonyesha ambamo wanaume waliokuwa wanawindwa kwa kisasi walikuwa wanajificha, na palepale ndipo utakapokutana na watu wanaomlinda mgeni kuliko mtoto wao. Sheria yao ya kimila, Kanuni ya Lekë Dukagjini, inaweka yote mawili pamoja, kisasi kina taratibu zake na mgeni ana haki zake, na mgeni wako akidhurika mikononi mwako ni aibu yako ya kuifuta. Mwanzoni nilikuwa nadhani vitu hivi vinapingana, siku hizi naona vimetoka tumbo moja. Mahali ambapo hakuna polisi, hakuna hoteli na majira ya baridi yanaua, neno la mwenye nyumba ndiyo kila kitu, la kukulinda na la kukumaliza. Kwa hiyo mtu akisema "watu wa vijijini wana roho safi" mimi nacheka, wana roho kama zetu, ila wana mfumo.

Na swali lingine ambalo hamjauliza: nani alipika? Mwanaume alisimama akahutubia sifa zikamwendea yeye, bibi na mkamwana ndiyo waliokesha na unga na kuosha masufuria. Kokote nilikopokelewa vijijini ukarimu una jina la baba ila jasho ni la mama. Zawadi yako iende kwa waliopika.

BintiNjiani

Mchokozi leo umeongea la maana, nimeshangaa 😂

Mimi natembea peke yangu na ni mwanamke kwa hiyo hizi habari za kuingia nyumba yoyote yenye moshi nazisoma na jicho lingine. Mwanaume anaandika "nikavutwa mkono ndani" tunaona utamu, mwanamke akiandika hivyo hivyo watu wataanza kuuliza alikuwa anafikiria nini. Nisiwatishe wenzangu lakini, wema mkubwa kabisa niliowahi kuupata ni wa vijijini na niliupata kwa sababu ni mwanamke.

Kirigizistani, ziwa Song-Köl, liko juu kama mita 3,000 na familia za wafugaji zinapanda huko kiangazi tu na yurta zao, yale mahema ya duara, baridi ikianza wanafungasha wanashuka. Kuna yurta za watalii ambazo zinapangwa na vikundi vya utalii vya wanajamii, unalipa, safi. Ila ukitembea mbali na zile unakutana na familia ambazo zipo kwa ajili ya mifugo yao tu, na hao ndiyo wanakuita kutoka mbali kabisa uje unywe chai. Kanuni yangu ni moja, naangalia kama kuna mwanamke mkubwa na watoto. Nikifika namsalimia yeye kwanza kabla ya mwanaume yeyote, naenda alipo yeye, nakaa alipokaa yeye. Yurta ya wanaume watupu, hata wawe wachangamfu vipi, naweka mkono kifuani natabasamu napita. Mama akishanichukua basi mimi ni wake, hakuna kijana atakayenisogelea.

Na hapo ndipo mnapokosea nyie mnaokaa mezani kama mabwana mnasubiri kuhudumiwa. Mimi nafuata mama nje. Majike ya farasi yanakamuliwa mara nyingi kwa siku, kila baada ya saa kadhaa, ndiyo maziwa yanayochachushwa kuwa kumis, kuna mtu lazima amshike mtoto wa farasi karibu na mama yake maziwa yashuke, kazi hiyo hata mgeni anaiweza. Nimeshika watoto wa farasi, nimeokota kinyesi kikavu cha kuwashia moto, nimekata mboga. Hakuna aliyenikataza. Hela wanakataa, mikono hawakatai. Mzururaji hili kwako limepita lakini kwa safari nyingine ulijue, fadhila inalipwa palepale jioni ile, asubuhi inakuwa imeshachelewa.

Kingine jamani jifunzeni vitu vidogo vya mezani kabla hamjaenda. Kule mkate hauwekwi kifudifudi, wala hauachi kipande umeuma ukakitupa, na wakimaliza kula wanapitisha viganja usoni kwa dua na mgeni anapitisha pia. Ukifanya hivyo tu nyumba nzima inalainika, umewalipa kwa namna yao.

KobeMzee

Wanangu mimi nataka niongeze la Japani, labda litamtuliza mwenye mada maana naona kinachomsumbua ni deni.

Kisiwa cha Shikoku kuna hija ya kuzunguka mahekalu 88, ni kama kilomita 1,200 ukiikamilisha kwa miguu, watu wanaifuata kwa heshima ya mtawa Kukai ambaye wanamwita Kobo Daishi. Barabara zinapita vijijini, na vijiji vyenyewe vimezeeka kweli, vijana wamehamia mijini, unatembea kutwa unakutana na wazee tu. Wale wazee wanakusimamisha njiani wakupe kitu. Machungwa, keki ya mchele, soksi, sarafu za kununulia kinywaji kwenye mashine. Mama mmoja alisimamisha gari akashuka akanipa kikopo cha kahawa akaondoka, hata jina hatukuulizana. Desturi hiyo inaitwa osettai.

Sasa wao swali lako walishalimaliza karne nyingi zilizopita. Kwanza mwenye kuhiji hakatai anachopewa. Mimi ni mtu wa kukataakataa, hapana asante nina maji, nikaelezwa na mzee mwenzangu tuliyekuwa tunatembea naye kwamba nikikataa namzuia yule mama asitoe sadaka yake, kwa sababu kwa imani yao anayepewa siyo mimi, ni Daishi ambaye anatembea na kila mwenye kuhiji. Pili unabeba vikaratasi vyembamba umeandika jina lako na dua yako, vile vile unavyoviacha mahekaluni, na aliyekupa kitu unampa kimoja. Wanaoanza wanabeba vyeupe, rangi inabadilika kadiri mtu anavyozunguka mara nyingi, mpaka waliozunguka zaidi ya mara 100 ambao vyao ni vya kitambaa kilichofumwa kwa nakshi, na hivyo wenyeji wanavigombania maana wanaamini vina baraka. Basi kwisha. Ametoa amepokea. Hamna anayebaki anadaiwa.

Ninachotaka kusema bwana mdogo, yule bibi hakukuuzia na wala hakukukopesha. Usihesabu.

Mama_Ramani

Mzee shikamoo, umenifurahisha na vikaratasi.

Niongeze upande wa Iran kwa sababu huko hesabu ya kukataa hela ni tofauti na ndiko watu wanakoumbuka. Wana desturi ya taarof, adabu ya kutoa na kukataa kwa zamu. Dereva wa teksi atakwambia usijali haina thamani, muuza duka naye hivyo hivyo, ukiweka pochi mfukoni ukaondoka umemwibia, alitaka hela yake. Unasisitiza, anakataa, unasisitiza tena, anapokea mnaagana vizuri. Na mwaliko wa "karibu nyumbani chakula cha mchana" unakataa kwa adabu mara mbili tatu, akiendelea kung'ang'ania, akakutajia saa, akamuita mtoto akuelekeze, basi ni kweli twende.

Vijijini mara nyingi huyo mtu ameshakushika begi kabla hujafika kukataa mara ya pili hahaha. Kwa hiyo Mzururaji usichukue sheria ya Georgia ukaipeleka kila mahali. Kuna sehemu "hapana" ya kwanza ni salamu, kuna sehemu ni mwisho wa mazungumzo. Bibi kukufunga ngumi na mwanawe kubadilika sura, hiyo ni mwisho wa mazungumzo, ungesisitiza tena ungekuwa unawatukana.

Mchokozi

Mama Ramani hapo kwenye kusisitiza mara tatu kuna wajanja wa mjini wamejifunza. Karibu chai, chai bure kweli, baada ya chai ya pili yanakunjuliwa mazulia. Siyo Iran tu, kokote kwenye mji wa watalii.

Mama_Ramani

Ndiyo maana mada ni vijijini Mchokozi. Anayekualika chai akiwa na koleo mkononi katikati ya shamba lake hana zulia la kukuuzia. Anayekualika akiwa amesimama mlangoni mwa duka anajua lugha tano, huyo ni biashara, na biashara siyo dhambi, nunua au usinunue.

Msafara_Mrefu

Naona wote mnaongelea namna ya kupokea na kulipa, hakuna aliyegusa kwamba wema wa mtu unaweza ukamponza yeye na wewe ukaondoka salama.

Uchina mgeni akilala nyumba ya mtu binafsi lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, hoteli zinafanya zenyewe ila ukilala kwa mkulima ni wewe na yeye mwende kituoni. Vietnam nako mwenye nyumba anatakiwa atoe taarifa ya mgeni kwa mamlaka za pale. Sasa fikiria upo kijijini kaskazini kule juu, milima ya mpunga, familia inakwambia lala hapa kesho utaendelea, wewe unaona ukarimu, yeye labda hata utaratibu haujui au anaujua anaona aibu kukwambia. Ukiwa umeshaondoka, polisi wanakuja kumuuliza yeye. Faini ni ya kwake.

Kwa hiyo nikialikwa kulala kwenye nchi za namna hiyo nauliza mapema mchana, siyo usiku mtu ameshatandika godoro, tunaweza kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji tukaandika jina langu? Wakisema sawa tunaenda wote, mara nyingi mwenyekiti mwenyewe anafurahi anatoa chai. Akisita sita nasema nina chumba mjini, nakula, nacheza na watoto, naondoka kabla ya giza. Hajaaibika na hajaingia matatani.

Kwa mantiki hiyohiyo msirushe sura za watu na jina la kijiji mtandaoni. Mzururaji nimependa hujataja kijiji. Ukitaja, msimu ujao wanapanga foleni mlangoni kwa bibi watu wanaotaka kubdari ya bure, na yeye hawezi kukataa mgeni, umeona unavyomfanya?

Kipepeo77

Hili la mwisho nimeliona kwa macho. Kuna watu siku hizi wanasafiri kwa makusudi bila bajeti ya kulala, wanapiga hodi vijijini nchi ambazo mshahara wa mwalimu ni mdogo kuliko bei ya begi walilobeba, halafu wanajirekodi video "nimezunguka nchi nzima bila kutoa hata senti". Mimi hao nawaona wezi wenye tabasamu, samahani kama kuna anayeguswa. Mvua imekukamata, gari imekufa, umepotea, sawa, gonga mlango. Ila kupanga kabisa kwenye ratiba kwamba usiku huu nitalala kwa maskini!

NyayoNyingi

Kipepeo upo sahihi ila usiwafunge wote kamba moja. Wapo waendesha baiskeli wanaovuka milima ya Pamir huko Tajikistani, huko kati ya kijiji na kijiji kuna utupu wa kutisha, hoteli hakuna hata ungekuwa na gunia la hela. Wanabeba hema, ila mtu akiwaona wanapiga hema karibu na nyumba yake anakuja kuwang'oa kwa nguvu waingie ndani. Hao hawajaomba. Tofauti ni kama una mpango wako mwenyewe wa kulala usiku huo au mpango wako ni watu wengine.

Mzururaji_Tu

Asanteni sana wakuu, nimesoma zote. BintiNjiani ile ya kumfuata mama jikoni imeniingia, kwa kweli nilikuwa nimekaa tu kwa sababu walinikalisha na kila nikisimama wananikalisha tena.

Picha nimeshazisafisha, nimepata duka zuri tu. Watoto nimewanunulia rangi na daftari za kuchorea. Kwa bibi na mkamwana nimekwama, hapa mjini naona vitu vingi ila sijui mwanamke wa mlimani atataka nini kutoka kwa mgeni, sitaki kupeleka sumaku za friji. Na swali langu la pombe mmeliruka wote.

BintiNjiani

Kitu ambacho wao hawawezi kukitengeneza wala kukipanda. Jibini wanayo, asali huenda wanayo, soksi za sufu hata usithubutu watakucheka. Chai nzuri ya majani, kahawa, skafu nyepesi ya bibi, mafuta ya mikono kwa wote wawili, mtu anayekamua na kukanda kwenye baridi ile mikono inapasuka. Usifunge kwa mbwembwe. Na barua fupi kwa mkono wako, mkamwana ataisoma kwa sauti.

NyayoNyingi

Pombe: unasema kabla glasi ya kwanza haijajazwa, siyo ya tatu. Ukinywa moja halafu ukakataa ya pili inaonekana umeichoka meza. Mkono kifuani, useme dini au afya hainiruhusu, basi, hawaulizi zaidi. Halafu, na hili ndilo muhimu, usijitoe kwenye shughuli. Wakisimama simama, wakinyanyua nyanyua, glasi ina juisi au maji ya zabibu haijalishi, na zamu yako ikifika ya kusema neno sema, tena refu. Pale meza ina kiongozi wake, tamada, ndiye anayepanga nani anazungumziwa na kwa mpangilio gani, watoto, marehemu, wanawake wa nyumba. Wanachosikiliza ni maneno. Nimewahi kumuona mtu asiyekunywa tone akapendwa kuliko sisi tuliolewa, kwa sababu alisimama akamzungumzia mama yake mpaka wanaume wazima wakafuta macho.

Mchokozi

Na wewe uliyelewa ulizungumzia nini?

NyayoNyingi

Sikumbuki na wenyewe wamekataa kuniambia 😂

Mzururaji_Tu

Mzigo umeondoka asubuhi hii. Mkamwana nimemwomba aniandikie jina na anuani kwa herufi zao kwenye meseji, nikamwonyesha dereva akanakili mwenyewe kwenye bahasha, nimempigia picha namba ya gari nimemtumia. Dereva alitaka kukataa hela ya mzigo alipojua ni wa nani na kwa nini, huyu nimemlipa kwa nguvu.

Kipepeo77

Safi sana. Sasa mimi naenda huko Julai, kuna ule mto baada ya kijiji cha Adishi nasikia hauna daraja, unavukwaje? Na wale watu wa farasi wanaovusha watu, hao nao nikiwapa hela watanikasirikia?

NyayoNyingi

Hahaha hapana, hao lipa. Wanakaa pale na farasi kwa kazi hiyohiyo, mnakubaliana bei kabla hujapanda. Ule mto unatoka kwenye barafu la mlima moja kwa moja kwa hiyo maji yanapanda kadiri jua linavyoyeyusha, toka Adishi mapema, asubuhi ni afadhali na kuna wanaovuka kwa miguu, mchana usijaribu. Viatu vivue kabla hujapanda uvitundike shingoni, farasi wengine ni wafupi.